Kujitetea: kwa nini Walker alishtakiwa na walioua hawakushtakiwa?

Mdadisi
Ndugu zangu, usiku wa 13 Machi 2020, askari waliovaa kiraia walivunja mlango wa Breonna Taylor mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Mpenzi wake, Kenneth Walker, akidhani wamevamiwa, alifyatua risasi moja iliyompata askari mguuni. Askari wakafyatua 32, na Breonna akafariki. Kwa nini Walker ndiye aliyeshtakiwa kwa kujaribu kuua?

Wakili wa Pwani
Sheria ya Kentucky humlinda anayejihami nyumbani mwake, ila kinga hiyo huondoka iwapo aliyeingia ni askari aliyejitambulisha, na Walker alishikilia kwamba hakusikia wakijitambulisha. Mashtaka yake yalifutwa Mei 2020, na Machi 2021 jaji akaamuru yasifunguliwe tena.

Bi. Mwanakombo
Ahsante, wakili, lakini uchungu wangu uko kwingine. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alisema askari wawili walikuwa na haki ya kufyatua kwa kuwa walifyatuliwa kwanza, hivyo hoja yao ikakubaliwa bila kesi, ilhali Walker alitiwa rumande kwanza. Mashtaka pekee ya jimbo kuhusu ufyatuaji ule yalihusu risasi zilizopenya nyumba ya jirani, wala si kifo cha Breonna.