Tupeane uzoefu: kulea mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa hapa Dodoma (Great Dane, Boerboel na wenzao)

Mbukwenyi wakuu. Nyumba za uzio zinaota kila siku, Iyumbu, Ilazo, Nala mpaka kule Mtumba, na kila anayehamia anataka mbwa wa kutisha getini. Mdogo wangu naye kaagiza Great Dane kutoka Arusha, anaingia Jumamosi, na tayari kila mtu mtaani kashakuwa mshauri wake. Mimi nina Boerboel dume, kwa hiyo nina langu la kusema, ila nataka asikie na kwa wengine. Sharti moja tu: leteni mliyoyaona kwa macho yenu.

Naanza mimi. Kinachowaharibu hawa mbwa ni haraka ya mwenye mbwa. Mtu katoa hela nyingi kwa ajili ya ukubwa, basi anautaka ukubwa wenyewe kesho. Anamshindilia chakula, anamwongezea unga wa mifupa, DCP ya ng'ombe (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi), sirapu ya kalsiamu ya watoto, eti mifupa iwe minene. Jamani, huyu si kuku wa nyama. Ukubwa wake kaurithi kwa baba na mama, na chakula hakimwongezei hata inchi moja zaidi ya hapo. Kinachofanya ni kumfikisha mapema kwenye uzito ambao mifupa haijawa tayari kuubeba. Halafu mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita hivi hawezi kuizuia kalsiamu iliyozidi: ukimpa nyingi, utumbo unaendelea kuipokea tu. Matokeo yake mnayajua, miguu inapinda, viungo vinavimba, nyonga zinakaa vibaya. Mbwa wa kawaida anamaliza kukua akikaribia mwaka. Hawa wanakwenda hadi miezi 18, wengine 24.

Wangu nilimlea mwembamba kwa makusudi. Mbavu ukizipapasa unazipata bila kubonyeza, ukimtazama kwa juu kiuno unakiona. Majirani wakawa wananiuliza kama mshahara umechelewa. Leo anavuka kilo 70 na anainuka bila kuguna. Haya, leteni.

Mdau wa Kisasa
Mkuu umegusa penyewe. Mimi naongeza tailizi. Hizi nyumba zetu mpya ni tailizi kuanzia barazani mpaka jikoni, zinateleza kama nini, na mtoto wa Great Dane miguu yake mirefu hajui hata aiweke wapi. Kila akikimbilia mlangoni miguu ya nyuma inafunguka pande mbili. Daktari alipomwona akasema hiyo ndiyo njia ya kuumiza nyonga. Nilitandika mikeka ile ya plastiki kwenye njia anazopita, biashara ikaisha. Vilevile ngazi hapandi, na haruki kutoka kwenye gari. Mnamshusha kwa mikono, wawili kama kazidi uzito.

Mdau wa Kongwa
Huku kwetu mahindi ndiyo maisha, soko la mahindi la Kibaigwa lipo hapo. Wakati wa kuchambua magunia, yale yaliyoshika ukungu yanatengwa, na mazoea ya nyumbani ni kwamba hayo ni ya kuku na mbwa. Naomba hili mlisome mara mbili. Sote tunakumbuka mwaka 2016 sumukuvu, hii sumu ya ukungu, ilivyoua watu hapa Dodoma na Manyara. Mbwa inamdhuru upesi sana, na sumu yenyewe haifi kwa moto, hata ugali uive namna gani. Mtu akila mahindi mabovu leo, kesho atakula wali. Mbwa anapewa gunia hilohilo mpaka liishe. Jirani yangu alikuwa na majike wawili, chotara wa Mastiff, wazuri kweli. Walianza kususa chakula, wakatapika, fizi na macho vikawa vya njano. Wiki haikuisha.

Mleta uzi
Pole kwake. Sasa mkuu, wa kwako anakula nini?

Mdau wa Kongwa
Dona la mahindi masafi niliyoyachagua mwenyewe, au chenga za mchele. Dagaa wazima, mapupu, maini kidogo, mchicha. Ila sikujitungia, nilimpelekea daktari orodha ya ninavyovipata sokoni akanipangia vipimo. Maana ukikimbia kalsiamu nyingi ukaishia kwenye nyama tupu isiyo na mfupa, napo miguu inapinda, kwa kukosa sasa. Dagaa ana mifupa yake humo ndani, anasaidia. Mifupa ya supu iliyochemka siwapi kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha. Kama mfuko unaruhusu, kipo chakula kikavu cha viwandani cha watoto wa mbwa wa mbegu kubwa. Hicho kimeshapimwa kila kitu, na ukikitumia usiongeze dawa yoyote ya mifupa juu yake.

Mama wa Area D
Habari zenu. Mimi naomba niongelee tumbo, kwa sababu naona hakuna aliyeligusa na ndilo linaloua kwa saa chache.

Mume wangu alikuwa na Great Dane dume. Mlinzi wetu alizoea kumpa mlo mmoja tu, usiku, beseni zima la ugali na mchuzi. Mbwa analifuta lote kwa dakika moja, kisha anafunguliwa azunguke uwanja. Siku hiyo mlinzi akagonga dirisha, anasema mbwa hatulii. Tukatoka tukamkuta anazunguka, analala, anainuka, anajikaza kutapika na hakitoki kitu isipokuwa povu. Tumbo limejaa upande wa nyuma ya mbavu, gumu. Daktari alivyofika akasema limejaa gesi na limejipinda, damu haipiti, anatakiwa apasuliwe sasa hivi. Usiku ule hapakuwa na wa kumpasua. Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri.

Mbwa wenye kifua kirefu cha kwenda chini ndio wanaopatwa zaidi. Jike tuliye naye sasa anakula mara mbili kwa siku (alipokuwa mdogo, mara tatu hadi nne), na baada ya kula anapumzika saa nzima au zaidi bila mbio. Tulipomfunga kizazi, akiwa amemaliza kukua, tuliomba daktari amshonee na tumbo kwenye ukuta wa ubavu. Upasuaji huo hauzuii gesi, unazuia lisijipinde. Kwa hiyo kijana wetu, kabla mbwa hajafika, tafuta ni daktari gani anapasua, na simu yake iwe ukutani. Ukisubiri ile siku umechelewa.

Mdau wa Nkuhungu
Na usafiri. Bodaboda habebi mbwa wa kilo 70, na bajaji wengi wakimwona wanaondoa gari. Uwe na mtu wa kirikuu mliyekwisha kuelewana, wa usiku na mchana.

Mdau asiye na mbwa
Mimi nasoma nacheka. Mbwa wetu wa kienyeji huku Bahi anakula makoko ya sufuria, analala nje, analinda ng'ombe hamsini na hana daktari. Hela ya huyo Great Dane si unapata ndama kabisa?

Mleta uzi
Mkuu, hilo silipingi hata kidogo. Kama shida ya mtu ni ulinzi, mbwa wawili wa kienyeji waliochanjwa na taa moja ya nje wanatosha, tena wanabweka mapema kuliko huyu wangu ambaye mara nyingi anaangalia tu. Anayechukua mbegu kubwa awe anaipenda. Na ajue kabisa kwamba haishi sana: Great Dane miaka saba mpaka kumi, basi. Yule wa Bahi anaweza kumzika.

Kuhusu gharama, watu wanapiga hesabu ya kununua wakasahau kwamba dawa inapimwa kwa uzito. Vidonge vingi vya minyoo ni kimoja kwa kilo 10. Wa kienyeji anameza kimoja na nusu, wangu ni mkono mzima na bado.

Mdau wa Msalato
Tunaokaa njia ya mnadani tunajua kupe. Wakubwa hawa wana ngozi kubwa ya kukagua, na mtu anachoka. Kagua ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani. Homa ya kupe inaanza kama uvivu tu, mbwa hataki kuinuka, fizi zinapauka, wengine mkojo unakuwa kama chai ya rangi au damu inatoka puani. Ukiwahi, inatibika. Na tafadhali, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe msimmwagie mtoto wa mbwa kwa kukadiria kwa kifuniko. Nenda na uzito wake kwa daktari, akupe ya mbwa.

Mdau wa Singida mjini
Nilikuwa na Saint Bernard. Mbwa wa milima ya Alps, manyoya mara mbili, halafu umlete Singida mwezi wa kumi! Nilimtunza mpaka mwisho wake, lakini simshauri mtu. Saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja alikuwa ndani kwenye sakafu, feni inawaka. Matembezi saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona anahema kwa nguvu, mate yanavuta, fizi nyekundu sana, anayumba, hilo ni joto: kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na safari ya daktari ianze wakati huohuo. Kwa mgao wa maji ninaoujua, simtanki la akiba uwe nalo kabla ya mbwa. Boerboel wa mleta uzi ana nafuu, asili yake Afrika Kusini na manyoya ni mafupi.

Ila msisahau upande wa pili. Mwezi wa saba ule upepo wa usiku wa huku mnaujua, na Great Dane hana mafuta mengi wala manyoya mazito. Godoro kuukuu au magunia mazito ni lazima, siyo anasa. Akilala kwenye saruji, viwiko vinaota sugu na kujaa maji.

Daktari wa mifugo, Dodoma
Nimepita kidogo, niongeze yangu. Usimchukue kabla ya wiki nane. Chanjo ya mchanganyiko yenye kinga ya parvo (ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu) inaanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Moja haitoshi, hata kama aliyekuuzia ana kadi nzuri. Kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Kama kwenye uwanja huo kuna mbwa aliyewahi kuharisha damu akafa, niambie kabla hujamleta mwingine, maana parvo inakaa kwenye udongo miezi mingi. Saruji na vyombo vioshwe kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu 30. Udongo wenyewe hausafishiki kwa jiki.

Dada wa Ng'ong'onha
Mafunzo jamani. Mtoto wa kilo nane akikurukia ni raha, unampiga picha. Miezi sita baadaye ana kilo 40, anamrukia bibi aliyekuja kusalimia. Mimi sheria ilikuwa siku ya kwanza: hapati salamu mpaka miguu minne iko chini. Nilimtembeza kwenye kamba karibu na stendi, watoto wa shule, mbuzi, muuza maji na toroli lake, akazoea akiwa bado mdogo. Kwanza nilimbeba, mpaka chanjo zilipokamilika. Wale wanaosema umpe pilipili au bangi awe mkali, wakatazeni. Mbwa wa ukubwa huu akishtuka tu, mtu ameumia.

Na majirani Waislamu ambao hawataki mate ya mbwa, nendeni mkawasalimie kabla mbwa hajafika, muwaonyeshe geti linavyofungwa. Kwangu hilo lilinipunguzia maneno mengi.

Mdogo wake mleta uzi
Shikamooni wote. Nimesoma mpaka mwisho, kaka ameniaibisha lakini sawa. Swali langu dogo: nitajuaje kama anakua haraka kupita kiasi? Mimi kwa macho naona kila mbwa kanenepa.

Mdau wa Kongwa
Marahaba. Kwa wiki ya kwanza mpe chakula kilekile alichokuwa anakula Arusha, ukibadilisha badilisha polepole asiharishe. Kisha kila Jumapili mpime, uandike kwenye daftari. Mizani ya mashine ya kusaga inatosha: panda naye umembeba, halafu panda peke yako, utoe. Daktari akiiona ile mistari ataona mwenyewe wapi pa kupunguza. Ila anza mapema, maana akifika miezi minne au mitano humbebi tena, itabidi umfundishe kukaa juu ya mizani mbele ya wanaosubiri kusaga.