Sebule inayotazama magharibi na korido isiyo na dirisha: nianze na rangi gani?

Nyumbani_Kira

Habari zenu ndugu zangu. Nyumba ni ya kupanga, iko Kyaliwajjala, Kira, karibu na Kampala, vyumba viwili na sebule. Mwenye nyumba amekubali kwa maandishi nipake rangi ndani kwa gharama yangu, ila nje nisiguse.

Sebule ni mita 3.6 kwa 4.2, kimo mita 2.7. Ina milango miwili na dirisha moja la mita 1.5 kwa 1.2 linalotazama magharibi. Vyuma vya dirisha ni vyeupe. Ukuta juu ni krimu, na chini hadi kiunoni ni rangi ya mafuta ya kahawia. Korido ina upana wa mita 1.1 na urefu wa mita 4.5, haina dirisha, hata saa sita mchana taa inawaka.

Naomba msaada kwenye haya. Rangi gani zitafaa? Video nyingi za Ulaya zinasema chumba cha kusini kina mwanga mzuri na cha kaskazini kina mwanga wa baridi. Hilo linatuhusu sisi? Rangi ya maji inashika juu ya ile ya mafuta? Na nafasi zilizolala bure nizitumieje: juu ya milango, nyuma ya mlango, mwisho wa korido? Jambo la mwisho, chini ya dirisha plasta inatoa unga mweupe.

Mwanga_Kwanza

Kanuni ya kusini na kaskazini iache hukohuko Ulaya. Kampala iko juu kidogo tu ya mstari wa ikweta. Mwezi wa Juni jua linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na Machi na Septemba linapita utosini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini na la kusini yanapokezana jua, tena jua lenyewe liko juu sana na paa hulizuia sehemu kubwa. Kwetu kinachotofautisha vyumba ni mashariki na magharibi. Dirisha lako linapigwa na jua la jioni mwaka mzima, kuanzia kama saa tisa mpaka linapozama, na mwanga wa saa hizo una manjano na wekundu.

Ndiyo maana krimu ile asubuhi inaonekana safi na jioni inageuka kama kiini cha yai. Ukipaka chungwa, nyekundu au waridi kwenye sebule hiyo, saa kumi na moja ukuta utawaka mpaka uchoke kuutazama. Chukua rangi inayopoza: kijani kilichopauka chenye majivu ndani yake, mfano wa upande wa chini wa jani la parachichi, au buluu iliyotiwa kijivu. Jua la jioni likizigusa zinapata uhai bila kupiga kelele.

Tazama pia kilichoko nje ya dirisha, maana watu wengi hulisahau hili. Kama ua ni udongo mwekundu mtupu, mwanga unaogonga chini na kuingia ndani unapaka wekundu dari na sehemu ya juu ya ukuta. Kama ni shamba la matoke, ukuta mweupe utakuwa na ukijani. Rangi ya dukani haijui hayo. Nunua kopo dogo, paka tabaka mbili kwenye kipande cha boksi cha sentimita 60 kwa 60, uache pembeni ukingo mweupe wa sentimita 5 ili rangi ya zamani isikudanganye. Kizungushe kwenye kila ukuta, ukiangalie saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Usiku ni muhimu kuliko unavyodhani. Balbu iliyoandikwa 6500K (namba hiyo ya K huonyesha rangi ya mwanga) ina mwanga wa kibuluu na itaifanya kijani ile ionekane kama ukuta wa zahanati. Weka ya 2700K au 3000K sebuleni, kisha ndipo uamue.

Vyuma vya dirisha vipake rangi ya mkaa au kijani kizito. Vyuma vyeupe vinashika mwanga, jicho linasimama hapo. Vikiwa vyeusi jicho linapita na kwenda kwenye miti.

FundiBrashi

Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila maandalizi haishiki. Itakauka vizuri, itapendeza wiki chache, halafu kiti kikiigusa inatoka kama ngozi ya nyoka. Ile ya mafuta ni laini na imefungwa, rangi ya maji haina pa kung'ang'ania.

Fanya hivi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, hasa karibu na swichi ambako kuna mafuta ya mikono, kisha suuza mara mbili. Sabuni ikibaki nayo inazuia rangi kushika. Piga msasa namba 120, malizia na 180, mpaka mng'ao wote ufe. Tumia msasa wa maji na ukuta ukiwa na unyevu, usipige mkavu, kwa sababu rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi na vumbi lake ni hatari, kwa watoto zaidi. Futa, acha ikauke, paka andakoti ya mafuta (rangi ya kwanza ya chini, ya kushikiza) tabaka moja, ngoja saa 24. Hapo rangi ya maji inakubali.

Kabla ya kuendelea na ukuta mzima, jaribu kipande kimoja. Paka andakoti na rangi mahali padogo, ngoja siku tatu. Chana kwa wembe mistari sita wima na sita ya kulala, iachane milimita 2, upate viraba vidogo. Bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa ukucha, ivute kwa mpigo mmoja. Ukiona viraba vimetoka na tepu, msasa haukutosha. Rudia.

Kiasi: mzunguko wa sebule ni mita 15.6, mara 2.7 ni mita za mraba 42. Toa milango na dirisha, unabaki na 36.5 hivi. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10 kwa tabaka moja. Tabaka mbili ni lita 7.3, kwa hiyo makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kubaki kidogo. Ukuta ukiwa wa plasta ya kukwaruza hesabu mita 7 kwa lita, utahitaji karibu lita 10 na nusu.

Mkichanganya rangi kwa steina (rangi nzito ya kutia matone) dukani, usikubali kopo moja leo na lingine wiki ijayo. Mkono wa mtu haurudii tone lilelile. Nunua yote siku moja, yamimine kwenye ndoo moja ya lita 20, koroga kwa mti mpaka chini kabisa, ndipo uanze. Baada ya kazi weka robo lita kwenye chupa inayofunga vizuri, andika jina la rangi na tarehe. Siku mtoto akichora ukutani utaishukuru chupa hiyo.

Na ile sehemu ya chini yenye rangi nzito usiifute kabisa. Vumbi jekundu la Kira mnalijua. Acha mstari wa sentimita 95, chini yake upake kijani kilekile kikiwa kizito zaidi, rangi ya silki inayofutika kwa kitambaa. Mstari pima kwa mpira wa maji (bomba jembamba lenye maji la kupimia usawa), si kwa kupima kutoka sakafuni, sakafu nyingi zina mteremko. Anza na juu, ikauke siku nzima. Bandika tepu ya karatasi, kisha paka kwanza rangi ya JUU pembezoni mwa tepu. Hiyo ndiyo itaingia kwenye vinyufa chini ya tepu na kuviziba, haitaonekana kwa sababu ni rangi ileile. Ikikauka paka ya chini, na uibandue tepu wakati rangi bado mbichi, ukiivuta kwa mshazari. Ukisubiri ikauke, itang'oa ukingo wote.

Mbao_na_Skrubu

Nafasi zilizolala. Juu ya mlango: fremu ikiishia mita 2.1, una sentimita 60 mpaka dari. Rafu ya kina cha sentimita 25 ukiiweka kwenye mita 2.3 inabeba masanduku ya vitabu, viatu vya msimu, blanketi. Ipake rangi ya ukuta, si rangi ya mbao, la sivyo chumba kitaonekana kifupi. Kwenye korido unaweza kuizungusha upande mmoja mzima. Shikizo liwe kila sentimita 60.

Sasa kosa la kutoboa. Juu tu ya mlango kuna linta, yaani boriti ya zege, na nyumba nyingi zina mkanda wa zege unaozunguka kuta zote usawa huo. Hapo unahitaji drili yenye nyundo. Ukipanda juu ya linta unakutana na tofali la kuchoma, na hapo nyundo izime, maana tofali letu linapasuka na tundu la milimita 8 linakuwa la 12, plagi (kile kiplastiki cha kushika skrubu) inazunguka bure. Tundu la 8, plagi ya 8, skrubu ya milimita 50. Usitoboe kwenye mchanga wa kati ya matofali. Wala usitoboe wima juu ya swichi au soketi, waya wake kwa kawaida umepandia hapo.

Nyuma ya mlango: ufungue nyuzi 90, pima kati ya mlango na ukuta. Mara nyingi ni sentimita 12 hadi 18. Toa 3 za kitasa kupumua, kinachobaki ndicho kina cha rafu yako. Sentimita 10 inatosha vikombe, dawa, viungo, vitabu vidogo. Funga kizuizi sakafuni kwanza, rafu baadaye.

Mwanga_Kwanza

Naongezea korido. Usipake nyeupe kali. Nyeupe inarudisha mwanga, na pasipo na mwanga haina cha kurudisha, inabaki kijivu cha majivu baridi. Kuta ndefu zipake krimu yenye joto, na ule ukuta mdogo wa mwisho upake manjano ya udongo iliyokolea au rangi ya kigae. Rangi nzito ya joto inausogeza karibu, korido inaacha kuwa kama bomba. Ni mita za mraba 3 tu, lita moja inatosha tabaka mbili. Taa moja ndogo iutazame ukuta huo kutoka juu, usiitazamishe sakafu. Kioo weka ukutani mkabala na mlango wa chumba chenye dirisha. Ukikiweka mwisho wa korido kitakuonyesha giza mara mbili.

Mama_Mikeka

Mwanangu, umeshauriwa vizuri, lakini huo ukuta wa mwisho mimi ningeupa lubugo badala ya rangi tupu. Lubugo ni kitambaa kinachotokana na gome la ndani la mti wa mutuba, na ufundi wa Waganda wa kulitengeneza uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Wekundu wake wa kahawia unakubaliana sana na kile kijani cha sebuleni, na korido yako haina jua la kulipausha, kwa hiyo ni mahali pake hasa.

Usiligundishe ukutani, nyumba si yako. Chukua plaiwudi ya milimita 6, sentimita 80 kwa 120. Lubugo likate lizidi sentimita 8 kila upande. Lipige pasi ya moto mdogo kwa ndani, juu ya kitambaa chenye unyevu, mikunjo itoke. Litandaze, geuza kingo nyuma, zipige pini za stepla kila sentimita 5 ukianzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona. Usilivute sana, linachanika pale lilipoungwa. Nyuma ya plaiwudi bandika vipande vya mti vya sentimita 1 ili hewa ipite, kwa sababu likilala kwenye ukuta wenye unyevu litaota ukungu.

Ila kabla ya hapo waulize wazee wa nyumbani kwako. Lubugo pia ni sanda katika Buganda, na wapo wasiopenda kuliona likining'inia mahali pa kulala watu. Wakisita, mkeka wa rangi unafungwa kwenye ubao kwa njia hiyohiyo.

Nyumbani_Kira

Asanteni sana. Mama, nitauliza kwanza. Dari ya korido iwe nyeupe au ifuate ukuta?

FundiBrashi

Nyeupe. Taa inahitaji mahali pa kugonga na kushuka.

Mwanga_Kwanza

Hapo sikubaliani na fundi. Kwenye upana wa mita 1.1 dari nyeupe inachora mstari mkali juu, na unahisi uko ndani ya boksi. Endeleza krimu ileile ya ukutani mpaka darini. Kwa kuwa ni nyepesi mwanga haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Sebuleni dari iwe nyeupe, hapo tuko pamoja.

FundiBrashi

Krimu nyepesi sawa, ila iwe isiyong'aa, mawimbi ya dari yasionekane.

Turudi kwenye ule unga mweupe, kwani hilo ndilo la kwanza kabla ya brashi yoyote. Ni chumvi inayoletwa na maji kutoka ndani ya ukuta. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50, uzibe kingo zote kwa tepu, ngoja siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa tu, fungua dirisha zaidi.

Nyumbani_Kira

Nimefanya. Matone yako upande wa ukuta. Nje, chini ya dirisha, kuna bustani ya maua, na udongo umepanda kama sentimita 20 kwenye ukuta.

FundiBrashi

Basi umepata chanzo. Udongo umepita ule ukanda wa nailoni uliowekwa juu ya msingi kuzuia maji, sasa maji yanapanda bila kizuizi. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kushusha udongo uwe sentimita 15 chini ya ukanda huo, na mteremko uelekee mbali na ukuta. Ndani, kwangua rangi ya mafuta sehemu hiyo yote, kwa sababu ndiyo inayofungia maji. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, usiioshe, maji yanairudisha ndani. Palipolegea gonga plasta itoke. Halafu subiri mvua za Machi hadi Mei zipite, kwangua tena kila unga unapotokea, na upake hapo rangi ya maji ya kawaida isiyong'aa, si silki. Sehemu nyingine za sebule zote unaweza kuanza hata Jumamosi hii.