Koleji ya kibinafsi Kisumu, nitajuaje ni ya ukweli?

Mama Kondele: Jameni nisaidieni, msichana wangu amemaliza fomu foo anataka diploma ya famasia kwa koleji moja hapa taoni, wananisukuma nilipe leo leo eti nafasi zinaisha, nifanye aje?

Kijana wa Nakuru: Usilipe kwanza mama. Tafuta jina lao kwa tovuti ya TVETA, ile mamlaka ya serikali inayosajili koleji za ufundi, halafu famasia lazima ikubaliwe pia na Bodi ya Famasia na Sumu, usajili wa koleji peke yake hautoshi. Mimi nilisoma miaka miwili mahali fulani ndio nikajua kozi yetu haikuwa imeidhinishwa, mzazi alikuwa ameuza ng'ombe, bado inaniuma sana.

Mwalimu Kakamega: Na uingie maabara uone na macho yako, ongea na wanafunzi wakitoka geti. Karo ilipwe kwa akaunti ya shule, si namba ya mtu.

Mama Kondele: Asanteni, kesho naenda na yeye.