Mrejesho: skrini ya kompyuta, Lamu

Wadau, nilikuja kuuliza ninunue skrini gani ya kazi za hesabu na picha: inchi 22 ya TN au inchi 24 ya IPS (aina mbili za paneli; ya TN rangi zake hugeuka ukiitazama kutoka upande). Ahsanteni sana. Nimechukua IPS, yenye nukta 1920 kwa 1080, na kweli, hata nikikaa upande rangi hazigeuki. Ilivuka na boti kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, nimeipakata kama mtoto mchanga. Aliyesema niepuke kioo kinachong'aa, Mungu ambariki. Dirisha langu linatazama bahari, na mwanga wake ungeakisi kwenye kioo hicho. Ushauri wa kutumia waya wangu wa zamani wa VGA (wa kupeleka picha kwa analogi) ndio ulioniangusha: maandishi yalikuwa na ukungu mpaka nilipochomeka waya wa HDMI, ambao ni wa kidijitali. Stendi nayo haipandi, kwa hiyo skrini imekaa juu ya kasha la mbao.