Vidonda vya tumbo vinaleta kiharusi, au tunamsingizia bakteria?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Shemeji yangu, miaka 47, alianguka bafuni mwezi wa tatu. Upande wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukaenda pembeni. Daktari alipoona kwenye faili kwamba ana vidonda vya tumbo vya miaka mingi, akasema huenda ndivyo vilivyomfikisha pale. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mama mkwe anasema ni upepo mbaya, mke wangu kashikilia vidonda, na kwenye makundi ya WhatsApp inazunguka habari ya utafiti wa Sweden kwamba ugonjwa wa tumbo unaongeza kiharusi. Kuna wanaotaka kila mwenye vidonda apigwe CT scan ya kichwa. Mimi naamini uhusiano upo. Niangusheni kwa hoja.

Nesi Mstaafu

Pole kwa mgonjwa, mwanangu. Huo utafiti ninaujua, ni wa Taasisi ya Karolinska, ulitoka 2023. Lakini hauhusu vidonda hivi vyetu hata kidogo. Unahusu uvimbe sugu wa utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana: mtu anaharisha damu na kukonda kwa miaka. Walifuatilia wagonjwa kama 85,000 na kuwalinganisha na watu 400,000 na ushee wasio na ugonjwa huo. Wakishasawazisha tofauti nyingine, hatari ya kiharusi kwa wagonjwa ilizidi kwa asilimia 13. Inatisha, eti? Sasa ihesabu hivi: katika watu 10,000 kwa mwaka, wagonjwa walipata kiharusi kama 33, wenzao kama 28. Hao watano ndio waliogeuka habari ya WhatsApp.

Kijana wa Tandika

Kwa hiyo Mswidi kaumwa utumbo, Mbongo kakosa usingizi 😂

Mbishi kwa Hoja

Cheka tu. Kabla ya miaka ya 1980 ukimwambia daktari vidonda vya tumbo vinaletwa na bakteria, anakuona umechanganyikiwa. Mwaka 1984 Barry Marshall kule Australia akanywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likawaka, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Bakteria anayekaa tumboni miaka 30 anauweka mwili kwenye uvimbe usiozimika, na uvimbe huo unachangia mishipa kuziba. Zipo tafiti zilizoona uhusiano huo na kiharusi. Mnaufuta kwa sababu gani?

Nesi Mstaafu

Zipo pia zilizoutafuta zisiuone. H. pylori, ndiye huyo bakteria wa vidonda, anapenda nyumba za msongamano na maji mabaya, na maskini huyohuyo ndiye asiyepimwa presha. Utajuaje nani mkosaji? Tazama hapa kwetu. Utafiti uliofanyika Hai, wilaya ya vijijini kule Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, wakishasawazisha umri, ulikuta kiharusi kipya kama 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka Hai, na 316 Dar. Mara tatu! Bakteria huyu yuko kijijini na mjini, kwa hiyo tofauti hiyo si yake.

Mbishi kwa Hoja

Hiyo inaonyesha kwamba si peke yake. Haionyeshi kwamba hayumo.

Muuza Dawa

Nawasoma tangu asubuhi, na mtuhumiwa wangu hajatajwa. Mtu anakuja dukani, mgongo unauma, anataka diklofenaki. Hana cheti, hana swali. Dawa hiyo inachubua tumbo, inapandisha presha, na jamii yake yote ina onyo la kiharusi na mshtuko wa moyo. Marekani waliliweka mwaka 2005, wakaliongezea ukali 2015. Mtu huyo akipata vidonda leo na kiharusi kesho, mtasema kimoja kimezaa kingine, kumbe vyote viwili vina baba mmoja. Mleta mada, shemeji alikuwa anakunywa nini?

Mleta mada

Ni fundi ujenzi. Diklofenaki mbili kila jioni, sijui tangu lini. Na presha siku ile ilisoma 190 kwa 110. Alikuwa hajawahi kupimwa. Nilitakiwa kuanza na hilo, nakiri.

Muuza Dawa

Basi. Na sisi wauzaji tunabeba sehemu yetu.

Nesi Mstaafu

Alipewa aspirini?

Mleta mada

Ndiyo. CT ilionyesha mshipa umeziba, haukupasuka.

Nesi Mstaafu

Sasa hapo ndipo vidonda vyake vina uzito kweli, kwa sababu aspirini inaweza kuvifanya vivuje damu. Msiikatishe wenyewe! Mwambieni daktari, aombe kipimo cha H. pylori cha choo, na aangalie kama anahitaji omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Uingereza walijaribu kwa wazee zaidi ya 5,000 wanaotumia aspirini na wana bakteria huyo, matokeo yakatoka 2022: waliotibiwa walilazwa kwa vidonda kuvuja damu mara chache zaidi kwa miaka miwili na nusu ya mwanzo, kisha tofauti ikapotea. Diklofenaki itupeni leo.

Mbishi kwa Hoja

Kwa hiyo bakteria atibiwe. Nilisema.

Nesi Mstaafu

Kwa ajili ya tumbo, mbishi wewe!

Mleta mada

Kesho asubuhi napeleka choo maabara. Mama mkwe naye kaniambia nipitie kwa mganga nikirudi.