Mama ana miaka 74, hajawahi kupanda ndege. Kisumu hadi London peke yake: tiketi moja au mbili?

Binti_wa_Khayega

Hamjambo nyote. Naandika nikiwa Khayega, Kakamega, na mama amekaa hapa kando anachambua mboga akijifanya hasikii ninachouliza. Mdogo wangu ni muuguzi Uingereza, mji unaitwa Reading, na anatarajia kujifungua mwezi wa nane. Mama ameshapata viza. Magoti yanamsumbua, anameza dawa za presha, anazungumza Kiluhya na Kiswahili, Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Mombasa, kwa basi, tukienda kumzika mjomba.

Nimepewa bei mbili. Ya kwanza, tununue Nairobi–London peke yake, kisha Kisumu–Nairobi tuitafute kwa kampuni nyingine ya bei nafuu. Ya pili ni tiketi moja kuanzia Kisumu mpaka London, na imezidi kwa kama shilingi 14,000. Kaka yangu anasema hiyo ni pesa ya kutupa. Afadhali mama apande basi la usiku, afike Nairobi alfajiri, alale kidogo kwa binamu yetu anayeishi mtaa wa Umoja, jioni apelekwe uwanjani. Mimi roho inasita lakini sina hoja ya kumjibu. Mwenye kujua anisaidie.

Halafu kuna mambo ya kuku. Nitayaeleza baadaye.

Mkazi_wa_Lanet

Dada, mimi ni wa Nakuru na huku ndege ya abiria ya kwenda Nairobi tunaiona ikipita tu juu, kwa hiyo barabara ndiyo kazi yetu. Ni kilomita 160 hivi. Siku njema ni saa tatu, siku ya Ijumaa ukikutana na malori Gilgil na msongamano wa Rironi usiniulize ni saa ngapi. Lakini tunafika. Mzee wangu nilimpeleka hivyo hivyo 2022, tukaondoka mapema, tukala chakula Naivasha, tukafika uwanjani tukiwa na saa nne mkononi. Kaka yako hajakosea sana. Elfu 14 ni karo ya mtoto.

Nyar_Dunga

Mwanangu wa Khayega, usimsikize huyo wa Lanet kwanza. Mzee wake alisindikizwa, tena kwa gari la nyumbani. Wako anasafiri peke yake, na kutoka Kisumu basi ni usiku kucha, saa saba au nane, na magoti hayo. Atashuka mjini saa kumi na moja alfajiri miguu imevimba kama viazi, na bado hajaanza safari yenyewe, maana London ni saa nane na nusu au tisa nyingine angani.

Sasa nikueleze ya tiketi mbili, kwa sababu niliilipia hiyo karo. Mimi nauza samaki, na kijana wangu yuko Leeds. Mara ya kwanza kwenda kumwona nilifanya ujanja huo huo: Nairobi–London kampuni moja, Kisumu–Nairobi kampuni nyingine, ya saa kumi na moja jioni, nikaokoa kama elfu tisa nikajiona mjanja. Mtu wa Kisumu kabisa, nimezaliwa kando ya ziwa, na nikasahau mvua ya ziwa! Mchana jua linachoma uwanda wa Kano, upepo unatoka ziwani kuingia nchi kavu, unagonga milima ya Nandi na ya Kericho, na kufikia saa kumi mawingu yamesimama pale kama ghorofa. Siku ile ndege ya kutuchukua ilikuwa bado Nairobi, ikazuiwa huko mpaka anga litulie. Tuliondoka Kisumu saa mbili na nusu usiku. Nilipofika kwenye kaunta ya ile ya London, nilikuta imefungwa. Msichana akaniambia kwa upole, mama, kwetu sisi wewe hukufika. Nikamwonyesha ujumbe wa simu wa kuchelewa. Akasema hiyo ni kampuni nyingine, waulize wao. Wao nao wakaniambia wamenileta Nairobi, kazi yao imeisha. Na kweli wote wawili walikuwa sawa kwa mujibu wa karatasi! Nilinunua tiketi upya. Usiniulize bei.

Ndiyo maana ya hizo 14,000. Kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikamwacha, ni juu ya kampuni ya ndege yenye tiketi hiyo kumtafutia mama nafasi nyingine. Kenya Airways huuza Kisumu mpaka London namna hiyo, mbili kwa namba moja ya tiketi. Begi analikabidhi Kisumu na halioni tena mpaka London. Lakini usiamini mdomo wa mtu: soma kile kikaratasi wanachofunga kwenye mshikio wa begi. Kiandikwe LHR, ndiyo Heathrow. Kikiandikwa NBO, begi linashuka Nairobi na mama hana habari. Pia atapewa kadi mbili za kupandia pale pale Kisumu. Na uzito wa mizigo unaohesabiwa ni ule wa safari ndefu, tangu Kisumu. Kwa tiketi mbili, hiki kipande kifupi kina kipimo chake, kidogo, na kilo zinazozidi unazilipia. Toa hiyo kwenye zile elfu 14 uone zinabaki ngapi.

Chukua ndege ya asubuhi au ya mchana mapema kutoka Kisumu. Akae Nairobi hata saa tano akingoja, afadhali kuliko mawingu yale.

Teksi_Kisian

Mama Nyar Dunga amesema yote isipokuwa moja, na hiyo nimeiona kwa macho abiria wakilia. Kuna ndege za Kisumu ambazo haziendi Jomo Kenyatta. Zinatua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi. Kwenye tiketi tazama herufi tatu: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson. Mtu ananunua ile rahisi, anashuka Wilson, anauliza jengo la kwenda London liko wapi, anaambiwa liko ng'ambo ya jiji! Hapo ni teksi tena, na hata kama mtapita Nairobi Expressway iliyofunguliwa 2022, bado ni mzee na mabegi barabarani.

Lingine. Mkimpeleka Jomo Kenyatta kwa gari, kabla hamjafika majengoni kuna kizuizi. Abiria wote wanashuka, wanatembea kupita kwenye mashine, dereva anaendelea na gari linakaguliwa, mnakutana mbele. Kijana haoni shida. Bibi wa magoti mbovu usiku, mvua inanyesha, ataiona. Akifika kwa ndege kutoka Kisumu hilo halimhusu, yuko ndani tayari.

Uwanja wetu hapa uko barabara ya Busia. Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kama kilomita 50, lakini msipige hesabu ya kilomita, pigeni ya Kondele. Saa mbili asubuhi Kondele ni boda, mikokoteni na matatu zote zimekusanyika kama harusi. Tokeni Khayega kungali giza.

Binti_wa_Khayega

Asanteni sana. Nimemsomea kaka ile hadithi ya "wewe hukufika" na amenyamaza, jambo ambalo kwake ni nadra.

Sasa kuku. Mama anasema Mluhya haendi kuona mjukuu mikono mitupu. Ameshakaanga na kukausha kuku wawili kichwani mwake, wako hai bado, wanazunguka uani hawajui. Anataka pia maziwa lala kwenye kibuyu, omena, na mboga za majani kutoka shambani. Nifanyeje? Na je, hicho kiti cha magurudumu kinaombwa wapi? Yeye anakataa, anasema si mgonjwa.

Nyar_Dunga

Kuku aokolewe. Nyama na maziwa ya kutoka huku kwetu hairuhusiwi kuingia Uingereza kwenye begi la msafiri, iwe kavu au mbichi, na hakuna askari wa forodha atakayeelewa habari za mjukuu. Mimi niliona mtu Heathrow akitolewa mbuzi mzima aliyekatwakatwa vipande, kipande kimoja kimoja, mezani, mbele ya watu. Mboga mbichi zinataka cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo ziache shambani.

Samaki ndiyo ushindi wetu. Wanaruhusu hadi kilo 20 kwa mtu. Omena kavu basi, na wala usinunue ya rejareja, njoo Dunga nikuonyeshe iliyoanikwa vizuri bila mchanga. Ifunge kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza, juu yake kitambaa, juu yake leso. Harufu ya omena ikitoka, begi la jirani nalo litanuka mpaka Reading. Unga wa wimbi ufungwe ukiwa na lebo yake ya dukani, ili mtu akifungua begi asome badala ya kukisia. Pimeni mabegi kwa mizani ya kinu cha posho, haidanganyi kama ya bafuni.

Maji, mafuta ya kujipaka, uji, chochote cha kumiminika, visizidi mililita 100 kwa chupa kwenye begi la mkononi. Kibuyu hakipiti hata kikiwa na baraka za ukoo. Dawa za presha zisiende kwenye begi kubwa hata siku moja! Zikae mkobani, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

Kiti: kinaombwa unaponunua tiketi, au piga simu si chini ya saa 48 kabla. Watakuuliza kama anaweza kupanda ngazi. Kuna alama tatu wanazoandika. WCHR ni anayepanda ngazi mwenyewe ila hawezi kutembea mbali. WCHS hawezi ngazi. WCHC ni wa kubebwa mpaka kitini. Sema ukweli, usimwonee haya, kwa sababu ukiandikisha ya kwanza na ngazi zimemshinda, atasimama chini ya ndege watu wakimtazama. Ndege zile zenye feni mbili mabawani zina ngazi fupi iliyo kwenye mlango wenyewe, lakini ni ngazi.

Na mwambie hivi: kiti si cha wagonjwa, ni cha wanaojua. Mwenye kiti ana mtu. Huyo mtu anamchukua kaunta, anampitisha kwenye ukaguzi, Nairobi anampeleka jengo la 1A, la ndege za nje, na kwa uhamiaji, na Heathrow anamsukuma mpaka pale binti yake amesimama. Hahitaji Kiingereza. Wewe Kisumu utaishia mlangoni, ndani wanaingia wenye tiketi tu, kwa hiyo usimwage machozi mapema ukamchanganya.

Mwandikie karatasi ya mkononi: jina la binti, anwani kamili, simu, siku ya kurudi. Uhamiaji watauliza anakwenda kwa nani na kwa muda gani. Aonyeshe tu.

Jambo moja ambalo watu huona aibu kulisema. Mama mkwe wangu alisafiri mpaka London bila kunywa hata tone la maji, kwa kuogopa choo. Aliingia mara moja, akakuta kigiza, akatoka. Hakuna aliyemwambia kwamba ukivuta kile kikomeo ndipo taa inawaka sawasawa. Na ukibonyeza cha kusafisha kinanguruma kama chui, hakifyonzi mtu. Mwambie mama haya kabla, kwa Kiluhya, mkiwa wawili.

Mkazi_wa_Lanet

Basi nimeshindwa, nafuta karo. Ila naongeza: masikio. Ndege inapoteremka yanaziba. Mpe peremende za kumung'unya, au ameze mate mara kwa mara. Mzee wangu alidhani amekuwa kiziwi, akapiga kelele zake zote Heathrow akidhani ananong'ona.

Binti_wa_Khayega

Nimenunua leo. Moja, Kisumu mpaka London, ndege ya asubuhi, kiti cha magurudumu kimeandikwa ile ya pili, WCHS. Kaka amechanga nusu bila kuombwa. Safari ndefu nimemchukulia kiti cha kando ya njia asiruke watu akienda chooni, na choo nimemweleza. Amecheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza mara mbili kuhusu kikomeo.

Kuku mmoja kaliwa jana hata hivyo. Mwingine anaendelea kuzunguka.

Swali la mwisho ni lake, si langu. Anauliza kama ndege ikitoka Kisumu itapita juu ya Khayega, ili wajukuu wa huku wasimame uani wapunge leso.

Teksi_Kisian

Mwambie hapana, Kakamega iko kaskazini na Nairobi iko kusini-mashariki, wanapeana mgongo. Lakini kipande hicho cha kwanza mtafutieni dirisha, upande wa kushoto. Mawingu yakimhurumia ataona chai ya Kericho, halafu ziwa Naivasha, na Longonot na shimo lake juu kama sufuria isiyo na mfuniko. Ni dakika 45 hivi, asisinzie.

Wajukuu walete uwanjani. Pale kwenye uzio wa barabara ya Busia ndege inaonekana vizuri, na leso itatosha.