Kumshangilia wa kwetu ni ubaguzi? Nimechezesha fainali ya Tekken na tangu Jumapili sina amani

Refa_Chikongola:
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, Chikongola, kuna jambo limenikaa kooni naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirukia.

Mtaani kwetu kuna banda la gemu, PS4 nne, siku za kawaida mechi jero. Mwenye banda akaandaa mashindano ya Tekken 7, gemu ya mapigano ya mtu na mtu, kiingilio buku tatu, mshindi anabeba elfu themanini. Mi nikapewa kuchezesha kwa sababu hii gemu naifatilia miaka. Fainali wakafika wawili, mmoja dogo wa hapahapa ambae wote tumemuona anakua, mwingine kijana wa Msumbiji, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, anafanya kibarua cha kupakia magunia ya korosho ghalani, ana kama miezi mitatu hapa mjini. Kelele zote zilikuwa za dogo na hapo sioni kosa, hata mimi moyo wangu ulikuwa kwake.

Mechi ya kwanza pedi ya kuchezea ya dogo ikakata, waya umelegea pale unapoingilia, gemu ikasimama yenyewe, nikasema raundi irudiwe na hakuna aliyelalamika, yule wa Msumbiji mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Sasa mechi ya mwisho wako raundi mbili mbili, jamaa anaongoza damu, yaani uhai wa mchezaji wake kwenye skrini, pedi yake nayo ikakata. Watu wakaanza endelea endelea, nyuma huko mtu akapaza sauti arudi kwao Msumbiji huyo, na mimi nikasema endeleeni. Hata hajaishika pedi vizuri kashakula kombo nzima, mapigo mfululizo, akafa.

Hakugombana. Aliifuta ile pedi jasho kwa pindo la fulana yake, akaiweka mezani taratibu, akaniambia refa, umeangalia ninapotoka. Watu wakamjibu wote hapa weusi, ubaguzi unatoka wapi?

Kwenye grupu la WhatsApp wamegawanyika, na mmoja akanigeuzia kibao kwamba hata wewe ni mbaguzi maana kila siku unafurahi Wakorea wakipigwa. Ni kweli 2019 Arslan Ash wa Pakistan alivyompiga Knee wa Korea fainali ya Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, pale Las Vegas niliruka mpaka mama akatoka nje kuuliza kuna nini, na sababu yangu kubwa ni kwamba katoka nchi ambayo kwenye Tekken hakuna aliyekuwa anaihesabu, kama sisi tu. Sasa kushabikia kwa utaifa ni ubaguzi? Na mimi Jumapili nilifanya nini? Niambieni ukweli.

Mlindi_wa_Mitwero:
Kaka usijitese kiasi hicho. Ushabiki ndo ulivyo, ukienda kucheza ugenini utazomewa, timu ngapi zimezomewa pale uwanja wa Nangwanda Sijaona na hakuna aliyekwenda kushtaki. Kosa la refa lipo kila siku. Ila hili neno ubaguzi siku hizi mtu akifungwa tu analikimbilia, na ukishaitwa hivyo huna pa kujitetea, kila utakachosema kinakuwa ushahidi dhidi yako. Dogo kashinda, maisha yaendelee.

Bint_Nachingwea:
Mlindi hapana kaka yangu, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Kushangilia ni jambo moja, refa kubadilisha sheria katikati ya mechi ni jambo jingine kabisa, we umeyafunga kwenye furushi moja.

Af hili la "arudi kwao" linaniuma kuliko hata hiyo raundi. Kwao wapi? Mimi nimezaliwa Nachingwea, hapahapa ndo FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao ya mazoezi kipindi cha kupigania uhuru, wazee wetu wamekula nao sahani moja. Bibi yangu mzaa mama katoka Mueda, Msumbiji, na mpaka anafariki hakuna aliyemwita mgeni. Wamakonde wako kingo zote mbili za mto, mpaka ulichorwa na Mjerumani na Mreno, haukuchorwa na bibi. Leo kijana anavuka kutafuta riziki, anabeba magunia mchana, jioni anatoa buku tatu yake acheze gemu, mnamwambia arudi kwao.

Na msiniambie ni utani. Utani tunaujua sisi watu wa huku, mtani unamtania na yeye anakurudishia na wote mnacheka, na siku ya msiba ndo wa kwanza kufika. Pale nani alicheka? Alifuta pedi akaondoka.

Halafu jamani, Luis Miquissone si mtu wa Msumbiji? Mwaka 2021 alivyoifunga Al Ahly kwa Mkapa mbona Simba nzima ilisema ni wetu, hamkumwambia arudi. Akiwafungia ni ndugu, akiwafunga ni mgeni.

Pedi_Mbovu_Masasi:
Dada umeongea. Mi nataka kugusa mambo mawili matatu ya gemu zenyewe.

Refa, kwenye mashindano makubwa ya gemu za mapigano kawaida pedi yako ikisimamisha gemu raundi unapoteza, labda mpinzani akuhurumie mwenyewe. Ni sheria kali lakini ni ya wote. Kwahiyo ungeweza kumnyima dogo raundi, au ungeweza kuwarudishia wote wawili, vyote ni sawa. Ulichofanya ni cha tatu, mmoja umempa mwingine umemnyima, na katikati ya hayo mawili kitu pekee kilichobadilika ni mtu anatoka wapi. Hapo ndo jamaa alipoona, na ameona vizuri.

La pili hili la "wote weusi". 2018 kwenye Dota 2, gemu ya timu kwa timu, kuna mchezaji wa Ufilipino anaitwa Kuku, wa timu ya TNC, aliandika maneno ya kuwakejeli Wachina ndani ya mechi. Wote Waasia hao, ukiwaweka pamoja mtu wa huku hawezi hata kuwatofautisha, na bado Wachina walichafukwa vibaya sana, na Valve wenye gemu yao wakasema asihudhurie mashindano makubwa ya Chongqing Januari 2019. Kwahiyo kufanana ngozi hakumzuii mtu kumdharau mwenzake kwa anakotoka, na sisi wa kusini tunalijua hilo. Nenda Dar useme unatoka Mtwara uone unavyoangaliwa. Hilo neno machinga lenyewe wanalotumia kwa kila muuza soksi barabarani, Wamachinga ni watu, wako hapo Lindi.

La tatu, kushangilia Arslan si ubaguzi kwa Mkorea yeyote, ondoa hofu. Ulimpenda alivyokuja toka chini, na mwaka huohuo viza zilimsumbua mpaka akafika Japan kwa tabu na bado akachukua Evo Japan. Lakini angalia Knee alifanya nini baada ya kusikia Pakistan kuna vijana hatari. Alipanda ndege akaenda Pakistan akakaa nao akacheza nao, akapigwa huko huko kwao. Bingwa mzima wa Korea. Sasa kingetupunguzia nini sisi kumwambia huyu wa Msumbiji kaa hapa tufundishe?

Mlindi_wa_Mitwero:
Sawa, la sheria ya raundi nimekubali, refa hapo uliteleza na nilisoma haraka. Lakini hoja yangu ya neno iko palepale, si kila kinachotaja utaifa ni ubaguzi. Mi ni mtu wa StarCraft, gemu ya vita. Mwaka 2016 Blizzard wenye gemu hiyo walivyofungia kanda, Wakorea waliokuwa wanaishi kwao hawaruhusiwi tena kwenda kuchukua hela za mashindano ya Ulaya na Marekani, watu walitukanana miezi, huku wanasema ni ubaguzi kwa Wakorea, huku wanasema bila hivyo vijana wa nchi nyingine hawatakua maana wanapigwa raundi ya kwanza kila siku. Miaka miwili mbele Serral wa Finland akachukua fainali za dunia, wa kwanza asiye Mkorea, na aliwapiga Wakorea wenyewe, alimalizia kwa Mkorea anaitwa Stats, nne kwa mbili. Mi sikuona ubaguzi pale. Niliona sheria iliyotangazwa mapema kila mtu anaijua.

Bint_Nachingwea:
Basi umeshajijibu kaka yangu. Ilitangazwa mapema. Mwenye banda angeandika mlangoni mashindano ya vijana wa Chikongola tu, kijana asingetoa buku tatu yake. Wamepokea hela yake kama ya kila mtu, utaifa wake wameukumbuka alipokaribia kushinda.

Pedi_Mbovu_Masasi:
Na mashabiki nao wasijivue. 2016 kwenye Hearthstone, gemu ya karata, kule mashindano ya DreamHack Austin, Terrence Miller, Mmarekani mweusi, kafika mpaka fainali, na kwenye maoni ya Twitch, mtandao unaorusha mechi mubashara, yanamiminika matusi ya rangi mechi nzima mpaka wasimamizi wakashindwa kuyafuta. Mtu anacheza mchezo wa maisha yake na hicho ndo kinapita pembeni ya sura yake. Yule aliyepaza sauti nyuma bandani kafanya hivyohivyo, tofauti yake huyu kafanya kwa mdomo. Refa ungesimamisha mechi palepale umtoe nje.

Refa_Chikongola:
Nimesoma yote, asanteni, hasa dada. Nilitaka mtu aniambie ni presha ya kelele tu, lakini nikikumbuka vizuri ile sekunde nilimwangalia dogo kwanza kabla sijaongea. Nilijua nafanya nini.

Leo baada ya kazi nimemfata kule anakoishi, wanakaa wanne chumba kimoja, nimemkuta anaosha vumbi la magunia miguuni. Nimemwambia nilikosea, raundi ile ilikuwa ya kurudiwa na nilimnyima kwa sababu yeye si wa mtaani kwetu, nimelitamka hivyohivyo. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza ile pedi yenye waya mbovu mmeitengeneza?

Dogo nae nimeongea nae, mwanzo alikasirika, ila kasema elfu arobaini bado hajaitumia na yuko tayari wacheze mechi ya mwisho upya. Iliyobaki nitaijazia mimi. Mwenye banda kakubali Jumamosi baada ya alasiri, na nimemwambia atakaemwambia mtu arudi kwao anatoka nje, hata akiwa binamu yangu, na aliyesema Jumapili ni binamu yangu kweli.

Kama kuna mtu Mtwara mjini ana pedi mbili nzima za PS4 aniazime siku hiyo, nitazirudisha jioni ileile mwenyewe kwa mkono.